Namba Chini ya Rangi

Kila siku ya masomo, kengele ya mchana ikishalia, Pulchérie alifuata njia ileile. Alitoka shuleni kwa masista, akapita nyumbani kuchukua chakula ambacho mama yake, Suzanne, alikuwa amekifunga kwenye kitambaa, kisha akateremka upande wa ziwani hadi kwenye kiwanda cha pamba cha Baraka. Ugali wa muhogo ulikuwa bado wa moto, na mikebuka, samaki wa ziwani, ilinukia njia nzima. Mara nyingine samaki mmoja alifika bila mkia. Baba yake alijua mkia ulikokwenda, lakini hakuuliza.

Baba huyo, Anatole, alikuwa fundi wa karakana ya kiwanda. Alikuwa na miezi mitatu tu hapo. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya reli kule Albertville, na watu wa Baraka walipenda kusema kwamba akilisikia lori likikohoa barabarani, anajua ugonjwa wake kabla halijasimama. Hilo lilikuwa kweli. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo watu hawakulijua. Macho yake yalikuwa yamechoka. Mtumbwi uliokuwa mbali upande wa rasi ya Ubwari aliuona vizuri, lakini ukimpa karatasi mkononi, herufi zote zilichanganyikana.

Anatole hakumwambia mtu, kwa kuwa aliogopa kufukuzwa kazi. Aliyejua ni Pulchérie peke yake. Barua ikija, au chuma chenye namba ndogo, fundi alikitia mfukoni na kujifanya ana haraka, mpaka binti yake afike na chakula. Hapo humwita pembeni na kumwambia, “Mama, nisomee hii.” Alimwita mama kwa sababu mtoto huyo alipewa pia jina la bibi yake, mama mzazi wa Anatole. Pulchérie alikuwa na miaka kumi na miwili, na alijivunia sana kazi hiyo ya siri. Pengine alijivunia kupita kiasi.

Mwaka ule, 1956, msimu wa pamba ulipoanza, karakana ilikuwa na shida moja kubwa. Kompresa, ambayo wafanyakazi waliiita tu mashine ya upepo, ilikuwa haifanyi kazi tangu kabla Anatole hajafika. Ilikuwa mashine ya zamani: mota ya umeme, tangi la chuma lenye unene wa ng'ombe, na juu yake saa ya duara yenye mshale mmoja wa kuonyesha upepo umefika kilo ngapi. Kilichokufa ni swichi yake. Kidude hicho ni kidogo, lakini ndicho kinacholinda watu. Upepo ukifika kiasi ambacho tangi linaweza kubeba, swichi hukata umeme na mota hulala. Ile ya zamani ilikuwa imeungua hata maandishi yake hayakuonekana tena. Kwa hiyo malori yaliporudi kutoka Fizi na magurudumu yaliyotobolewa na mawe ya mlimani, wanaume wanne walipokezana kupiga pampu ya mkono mpaka mashati yakalowa.

Anatole alimtuma Casimir, dereva wa lori, kwa mfanyabiashara mmoja wa Uvira kutafuta swichi mpya. Mfanyabiashara hakuwahi kuiona mashine yenyewe, basi akaahidi kutuma swichi mbili tofauti. Fundi angechagua inayofaa, na nyingine ingerudi na Casimir.

Siku ya Alhamisi, Pulchérie alipoleta chakula, alimkuta baba yake amelala chini ya lori lenye ekseli iliyovunjika, miguu tu ndiyo inaonekana. Kutoka huko chini alimweleza kwamba kwenye ubavu wa tangi kuna kibati kidogo, na juu ya kibati namba imegongwa kwa nyundo. Namba hiyo ndiyo nguvu ya tangi, na swichi lazima ichaguliwe kwa kuifuata. Achukue kipande cha chuma, akwangue rangi taratibu, na asiache mpaka namba itoke.

Kukwangua rangi halikuwa jambo dogo katika kiwanda kile. Kila mara mkubwa wa serikali alipoteremka kutoka Fizi kuja kukagua, kilichotembea kilipigwa ufagio na kisichotembea kilipakwa rangi. Mawe ya njiani yalipakwa, milango ilipakwa, mapipa yalipakwa, na tangi nalo halikusahauliwa. Pulchérie alikwangua rangi ya fedha, akakuta ya kijani. Chini ya kijani kulikuwa na nyeupe, na chini ya nyeupe ikatokea tena ya fedha. Kucha zilimuuma na jasho likamwingia machoni. Kibati alikiona ukingo wake tu, na namba haikuonekana.

Wakati huo huo rafiki yake Adolphine alimwita kutoka kwenye uzio. Mazoezi ya nyimbo za sikukuu yalikuwa yanaanza misheni, na atakayechelewa atasimama safu ya nyuma. Pulchérie aliitazama rangi, akaitazama njia. Kisha akainua macho juu, akaiona ile saa ya upepo. Namba zake zilianza sifuri na kuishia kumi na tano. Akajiambia kwamba kama saa inaishia kumi na tano, bila shaka tangi nalo linaishia hapo hapo, maana ni mashine moja. Aliona amepiga hesabu nzuri, hata akajicheka kwa kujisumbua na kukwangua.

Baba yake aliuliza kutoka chini ya lori kama ameiona. Akajibu kwamba ameiona, ni kumi na tano. Halafu akakimbia kwenye nyimbo zake.

Siku ya pili, Ijumaa, Casimir alirudi kutoka Uvira na vumbi la barabara ya Makobola na Nundu usoni. Aliweka swichi mbili juu ya meza ya karakana. Zilifanana kama mtu na ndugu yake, ila moja ilikuwa nzito kidogo. Anatole alizigeuza mkononi, akazipima kwa vidole, akajifanya anatafuta spana mpaka Pulchérie alipofika. Alimsogezea swichi bila neno. Msichana akasoma kwa sauti ya chini: nyepesi ni ya kilo nane, nzito ni ya kilo kumi na tano.

“Na tangi iko kilo ngapi, mama?”

“Iko kumi na tano, Papa.”

“We uliona na macho yako?”

“Niliona,” alijibu Pulchérie.

Casimir, aliyedhani fundi anampima tu mtoto wake, alicheka kwa furaha, akasema kwamba mtoto huyu atakuja kuwa mwalimu, na kwamba yeye mwenyewe watoto wake wanajua kuhesabu maembe tu. Anatole aliichukua swichi nzito na kuanza kuifunga. Alipokuwa anakaza nati, alizungumza polepole, kama mtu anayekumbuka jambo asilolipenda.

Alieleza kwamba huko Albertville alikuwa na rafiki jina lake Raphaël. Walijifunza ufundi pamoja, walikula sahani moja. Siku moja mtu alifunga kwenye tangi swichi isiyo yake. Mshale ulipanda, mota haikulala, na tangi likapasuka. Bati la paa walilikuta upande wa pili wa reli. Raphaël alikuwa amesimama karibu. Anatole hakusema zaidi kuhusu Raphaël, isipokuwa kwamba jeneza lake lilifungwa mapema, na mama yake hakuruhusiwa kumwona.

“Toka siku ile mi naogopa tangi kuliko mamba,” alisema. “Ndiyo maana nakuulizaka mara mbili.”

Pulchérie alitaka kusema kweli papo hapo. Lakini Casimir alikuwa bado amesimama pale akimsifu. Akisema kweli mbele yake, ataitwa mwongo, na tena Casimir atauliza kwa nini fundi mzima asomewe na mtoto. Siri ya baba itatoka, kazi itapotea, na kosa litakuwa lake. Akajipa moyo kwamba labda hesabu yake ni sahihi. Labda namba iliyofichwa ni kumi na tano kweli. Neno hilo, labda, lilimfuata mpaka nyumbani na kukaa naye kwenye sahani. Mama yake alimpa kipande kikubwa cha samaki, na kwa mara ya kwanza akakirudisha kizima.

Alfajiri ya Jumamosi, siku ambayo pia ilikuwa ya masomo, aliamka na nia ya kusema. Alijikaza, akayapanga maneno, akatoka uani. Baiskeli ya baba haikuwepo. Suzanne alimwambia kwamba baba ametoka mapema sana, kwa kuwa leo mashine ya upepo itawashwa, na mkubwa wa kiwanda anarudi Jumatatu na anataka kuikuta inafanya kazi. Pulchérie alitaka kumkimbilia, lakini kengele ya shule ikalia, na miguu iliyokuwa na woga ikachagua njia ya shule.

Darasani waliandika imla. Pulchérie hakusikia hata sentensi moja. Masikio yake yote yalikuwa upande wa ziwani. Kwanza ilisikika jenereta ya kiwanda, na hiyo alikuwa ameizoea. Halafu, juu ya sauti hiyo, ikaanza sauti nyingine ambayo hakuwahi kuisikia tangu wahamie Baraka: tuk, tuk, tuk, nzito na ya haraka. Wino ulimwagika kwenye daftari lake. Mwalimu aliuliza ana nini.

Pulchérie aliinuka na kutoka mbio, na mwalimu akabaki na kitabu mkononi, maana mtoto huyo hakuwahi hata kuchelewa.

Alikata njia katikati ya mashamba ya mihogo. Viatu alivivua bila kujua alivitupa wapi. Kila sauti ya tuk aliihesabu kama pumzi inayoingia katika tangi lile, na alimwona baba yake amesimama karibu, mahali ambapo Raphaël alisimama. Aliomba Mungu sauti ile ikatike. Haikukatika. Kisha wazo baya zaidi likampata, kwamba ikikatika ghafla itakuwa imeshakwisha. Akaanza kuomba iendelee. Alipofika uzio wa kiwanda alikuwa analia na hajui analia.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Casimir alishika mpira wa kujazia upepo karibu na gurudumu la lori, anatabasamu. Anatole alikuwa ameinama juu ya tangi, mkono mmoja umeligusa, kama mtu anayempima mtoto homa. Pulchérie aliita. Mashine ililimeza jina la baba. Akaita tena na hakuna aliyegeuka. Mshale wa saa ulikuwa umeipita nane, umeipita tisa, nao ulikuwa unapanda bado, bila haraka.

Mwili wote ulimwambia arudi nyuma, ajifiche nyuma ya magunia ya pamba, azibe masikio. Lakini kishikio cha umeme kilikuwa ukutani, ndani, hatua tano kutoka mlangoni, upande wa tangi. Aliufumba mdomo, akazipiga hatua hizo tano, akakivuta kishikio chini kwa mikono miwili.

Mota ikafa. Kimya kilichofuata kiliogopesha kuliko kelele.

“Nani amezima?” aliuliza Anatole.

“Ni mi, Papa. Mi nilidanganya. Ile kumi na tano niliitoa ku saa. Namba ya tangi sikuiona hata kidogo.”

Anatole aliinua uso kuutazama mshale. Ulikuwa umesimama kwenye kumi na moja. Hakupiga kelele na hakumpiga mtu. Rangi ya uso wake ndiyo iliyobadilika.

“Batu bote batoke inje,” alisema. “Polepole. Musiguse kitu.”

Walitoka. Casimir alimshika Pulchérie mkono na kumvuta hadi nyuma ya magunia. Lakini baba hakutoka. Chini ya tangi kulikuwa na koki ya kutolea maji, na upepo ungeweza kupunguzwa kwa njia hiyo tu. Ile valvu ndogo ya juu, ambayo hupaswa kupiga filimbi na kuachia upepo unapozidi, haikupiga kitu. Rangi zilizopakwa kila mara mkaguzi alipokuja zilikuwa zimeifunga kinywa.

Kutoka nyuma ya magunia Pulchérie aliona visigino vya baba yake tu, amelala kifudifudi chini ya tangi. Alitamani kumwita, na aliogopa kwamba hata sauti yake inaweza kulipasua tangi. Kisha ikasikika shiii nyembamba. Ikanenepa. Maji ya kutu yalichuruzika sakafuni mpaka mlangoni, na shiii ile ikadumu muda ambao kwa Pulchérie ulikuwa mrefu kuliko mwaka wa shule. Alikuwa na hakika kwamba kila dakika ni ya mwisho.

Upepo ulipokwisha, Anatole alitoka nje, akaketi chini kwenye vumbi.

Alipotulia alimpa binti yake kile kipande cha chuma. Hakumwambia cha kufanya. Pulchérie alipiga magoti mbele ya tangi, akakwangua ya fedha, ya kijani, nyeupe, ya fedha ya pili, halafu nyekundu ambayo hakuwahi kuifikia, na mwishowe shaba ya kibati ikang'aa. Namba ilikuwa pale, imegongwa ndani sana. Kabla hajaisoma, Anatole alipitisha kidole gumba juu yake, macho ameyafumba.

“Nane,” alisema.

Aliuchukua mkono wa mtoto na kuweka kidole chake mahali hapo hapo, apapase duara mbili zilizopandana. Casimir aliuliza, kwa upole, kwa nini fundi anasoma kwa vidole. Hapo Anatole akasema yote: macho yake, barua za mfukoni, spana za kujifanya anazitafuta. Alisema akiwa ameinamisha kichwa. Casimir alikwenda kwenye lori, akarudi na ile swichi nyepesi ya kilo nane ambayo ilikuwa imebaki saa moja tu irudishwe Uvira. Akaiweka juu ya meza na kusema kwamba mama yake naye hawezi tena kutia uzi kwenye sindano, na hakuna aliyemfukuza nyumbani.

Pulchérie alikuwa bado amepiga magoti. Alingoja adhabu, na kweli aliitaka. Baba yake aliketi chini karibu naye.

“Sikiya, mama. Mi niliogopa kusema macho yangu haione. We uliogopa kusema haukusoma. Ni woga yetu mbili ilitaka kutuua leo, si hii chuma. Chuma yeye aliandikaka nguvu yake wazi. Kama haujui, sema haujui. Kama hauone, sema hauone. Utaona haya siku moja tu, basi. Lakini namba ya uongo inazikaka batu, na haichague mubaya na muzuri. Leo ulivuta ile kishikio na ukasema kweli mbele ya batu. Hiyo nayo sitaisahau.”

Ili kulipima, tangi lilijazwa maji na kubanwa kwa pampu ya mkono, likaachwa siku nzima, na kila mshono ukapanguswa kwa kitambaa kikavu kuona kama linatoa jasho. Halikutoa. Hata hivyo Anatole alipofunga swichi ya kilo nane aliishusha kwa parafujo yake hadi sita, akisema chuma hiki kimezeeka na hakuna sababu ya kukichosha. Valvu aliichemsha, akaikwangua, mpaka ikapiga filimbi tena. Jumatatu alijipeleka mwenyewe kwa mkubwa wa kiwanda na kueleza habari za macho yake. Pulchérie alingoja nje. Mkubwa alikunja uso, akagomba kwa muda mrefu, kisha akaandika barua kwa daktari wa Uvira. Mwezi uliofuata Casimir alimrudisha fundi akiwa na miwani, na karakana nzima ilimcheka kwa siku mbili. Darasani, Pulchérie aliomba msamaha kwa mwalimu na kuandika imla ile peke yake.

Msimu ulipokwisha habari ilikuja kwamba mkubwa wa serikali anateremka kutoka Fizi. Wapaka rangi walifika na ndoo zao. Anatole aliwaruhusu wapake wapendavyo, isipokuwa sehemu mbili: valvu, na kibati cha shaba chenye ukubwa wa kiganja, ambacho Pulchérie alikifuta kwa mafuta kila Jumamosi.

Siku hiyo alipoleta chakula, mmoja wa wapaka rangi alimuuliza fundi namba hiyo ni ya nini na ni ngapi. Anatole alikuwa na miwani puani. Alimgeukia binti yake.

“Mama, tangi iko kilo ngapi?”

Pulchérie aliijua namba ile hata usingizini. Lakini aliweka chakula chini, akatembea hadi kwenye tangi, akainama, akasoma, akapitisha na kidole. Ndipo akajibu.

“Iko nane, Papa.”